Heko kwa Kilatini cha Mahakamani

Watu wa Masasi na Newala hawana choyo cha sifa. Wanasifu korosho ya daraja la kwanza, wanasifu sindimba, wanasifu upepo wa Shimo la Mungu. Sijasikia hata mmoja akisifu Kilatini na Kiingereza cha kale kinachosemwa mahakamani. Deni hilo nalilipa leo.

Naanza na ukoo wake, maana haya si maneno ya kuokotwa njiani. Sheria zetu zinataja hata tarehe: kanuni za mahakama za Uingereza, pamoja na sheria za jumla zilizokuwa zikitumika huko tarehe 22 Julai 1920, zilipewa makazi Tanganyika, na makazi hayo hazijanyang'anywa hadi leo. Mmakonde aliyeamka siku ile kwenda kupalilia mihogo alirudi jioni akiwa tayari na res judicata yake, yaani shauri lililokwisha kuamuliwa, na hakutozwa hata senti.

Nusura Masasi iyakose maneno haya. Edward Steere, aliyewaongoza watumwa walioachwa huru kuanzisha misheni pale mwaka 1876, alikuwa amesomea sheria London na kuingizwa katika uwakili kabla ya kuwa padri. Tena ndiye aliyeandika kitabu maarufu cha kufundishia Kiswahili. Sheria na Kiswahili katika kichwa kimoja, chini ya majabali ya Masasi! Angeamka vibaya siku moja, angeyafasiri yote. Mungu akaepusha, akashughulika na Injili.

Sasa tazama maneno haya yanavyofundisha adabu. Mjomba na mpwa wake wanagombea mikorosho. Kijijini kila mtu ana la kusema: nani alipanda, nani alipalilia, nani alinunua salfa. Shauri likipanda ngazi, wakili anasimama na kuomba mahakama itembelee locus in quo. Kimya. Mjomba anajiuliza huko ni mbali kiasi gani na nauli ataitoa wapi. Kumbe ni palepale, chini ya mikorosho yake. Nani mwingine aliwahi kuliheshimu hivyo shamba la ekari mbili?

Yana huruma pia. Shauri likiwa "struck out", mwenyewe anaweza kurekebisha karatasi zake akarudi. Likiwa "dismissed", kwa kawaida katika mahakama hiyo ndiyo basi. Mjomba asiyejua tofauti anakwenda nyumbani akidhani yamekwisha, muda wa kurudi unapita, na ukoo unapata amani. Vivyo hivyo nolle prosequi: Mkurugenzi wa Mashtaka hataki kuendelea na kesi, mshtakiwa anatoka kizimbani akimshukuru Mungu, na mara nyingi nchini mwetu amewakuta polisi mlangoni wakimngoja kwa kosa lilelile. Kufutiwa kesi kwa njia hiyo si kuonekana huna hatia. Lakini zile hatua chache za furaha, kati ya kizimba na mlango, nani angempa kama angeelewa?

Na uchumi je? Korosho ina ganda lenye mafuta yanayounguza vidole, ndiyo maana wabanguaji wana kazi. Ondoa ganda katika sheria, kila mwenye meno atakula mwenyewe. Mawakili watakula nini?

Wasio na shukrani ni Waingereza. Mwaka 1362 Bunge lao lilitaka mashauri yasemwe kwa Kiingereza, kwa sababu Kifaransa cha mahakamani watu hawakukijua. Mwaka 1733 wakakiondoa Kilatini katika kumbukumbu za mahakama. Mwaka 1999 hata "plaintiff" wakamstaafisha, ati raia aelewe. Wametupa urithi wa mababu zao jalalani. Sisi tumeuokota, tumeufuta vumbi, tumeuvalisha joho.

Nasi tuna wasio na shukrani wa namna hiyo. Zamani mambo yalikwenda sawa: mahakama ya mwanzo ilitumia Kiswahili, lakini wilayani shahidi alisema Kiswahili na hakimu akaandika Kiingereza. Bibi wa Newala ambaye hajawahi kutamka neno moja la Kiingereza alikutwa kwenye kumbukumbu akikizungumza kwa ufasaha. Mwaka 2021 Bunge likafanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Afadhali liliacha mlango wazi: haki ikihitaji, Kiingereza kitumike. Na haki, tunavyoijua, ina mahitaji mengi.

Nawasihi tuulinde mlango huo. Siku mjomba atakaposomewa hukumu yote kwa lugha anayoielewa, atajua ameshindwa kwa sababu gani. Akiijua sababu, ataipima. Akiipima akaona haina uzito, atakata rufaa, na jirani yake naye atakata. Mahakama Kuu pale Mtwara itawaweka wapi wote hao?