Ombi la Kuhamia Ndani ya Tamthilia

Kwa Wakuu wa Vipindi vya Tamthilia,
Vituo vyote vya televisheni,
Dar es Salaam.

YAH: OMBI LA KUHAMIA KATIKA NYUMBA YA TAMTHILIA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mke na mama, mkazi wa Mbagala, mtazamaji wenu mwaminifu umeme ukiwepo. Nimeyachunguza maisha ya huko kwenu, nikaona huku najichelewesha.

Kwanza mna nafasi. Mwenye siri kwenu huingia sebuleni hakuna mtu, akasimama dirishani na kujisemea kwa sauti. Kwetu sebule haijawahi kuwa tupu. Simu ya kukopa hela naipigia chooni, na bado kuna anayegonga kuuliza kama nimemaliza.

Halafu chakula. Meza imejaa kuku, matunda, juisi za rangi zote. Baba anatamka neno moja baya, ukoo mzima unanyanyuka bila kuonja. Vile vyakula anakula nani? Sisi ugomvi wa shamba la Mkuranga tuliuanzia kwenye ugali na hakuna aliyenyanyuka. Shemeji alinitukana, akanawa tena, akaomba nimwongezee mchuzi. Nikamwongezea. Ugomvi wenyewe haujaisha, umeahirishwa mpaka Idi.

Mama mkwe wenu hutia sumu kwenye glasi. Wangu hajanitilia kitu. Yeye hunihamishia masufuria, kisha akasema wali wangu una maji. Alikuja kusalimia kabla ya Ramadhani. Bado anasalimia.

Katika La Usurpadora, ile ya Mexico ya mwaka 1998, Paulina anaingia nyumbani kwa Carlos Daniel badala ya mkewe Paola kwa kuwa wanafanana kama mapacha, na bwana hashtuki. Majirani walisema huo ni uongo. Mimi nasema hapo mwandishi alipatia kuliko kwingine kote, maana mume wangu mpaka leo hajaona kuwa tuna mapazia mapya. Ila kwetu Paulina asingemaliza siku: kitinda mimba angeonja maharage na kuuliza mama kaenda wapi.

Kilichonifanya nishike kalamu hasa ni ile ya Kihindi iliyoanza mwaka 2000, Kyunki Saas Bhi Kabhi Bahu Thi. Mhusika wake Mihir alikufa, watazamaji wakapiga kelele, akarudishwa. Hilo sililazimishi. Ninachokitaka ni pale hadithi iliporuka miaka 20 kwa mkupuo. Watoto wamekua, wamesoma, wanaoa, na sikuona mzazi aliyepanga foleni kulipa ada wala aliyeambiwa alete rimu ya karatasi shuleni. Naomba nami nirushwe hivyo. Mkopo wangu wa kausha damu naamini utabaki upande wa nyuma.

Kuhusu sifa: naweza kulala na hereni na kuamka na wanja wangu. Naweza kugeuza shingo mara tatu kwa habari moja. Hospitali nitazinduka nimepakwa rangi ya mdomo, mradi nisipelekwe dirisha la malipo. Sharti langu ni moja: juisi ikimiminwa, nitainywa kwanza ndipo nikasirike.

Naomba kuwasilisha.

Mtazamaji wenu,
Mbagala.

Nakala: Mama mkwe (ameshaisoma).