Juma la Tairodi

Jumatatu. Datsun 240Z yangu haitaki tena kunyooka barabarani. Nikikata kona, usukani unatangulia, magurudumu yanashauriana, kisha yanafuata. Fundi wetu hapa Litein aliliinua gari kwa jeki, akatikisa gurudumu, likacheza. "Mwalimu, vichwa vya tairodi vimekwisha. Vyote." Alisema kwa uchangamfu. Tairodi ndizo fimbo zinazopeleka amri ya usukani magurudumuni. Amri zangu hazifiki, jambo nililolizoea darasani.

Ieleweke kwamba gari hili lina ukoo. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally kwa 240Z. Mwaka 1973 wakashinda Shekhar Mehta na Lofty Drews, kwa 240Z vilevile. Lile la 1971 Nissan wamelihifadhi Japani hadi leo. Langu limehifadhiwa chini ya mparachichi.

Jumanne. Foleni katika duka la spea. Mbele yangu walikuwa madereva wa trekta za majani chai, kila mmoja na bolti iliyokatika mkononi. Zamu yangu ikafika. "Datsun pikapu?" La, nikasema, ni la spoti, la milango miwili. Muuzaji alinitazama kwa huruma, kisha akamhudumia aliyekuwa nyuma yangu.

Nikapiga simu kwa duka la spea la Nairobi, Barabara ya Kirinyaga. Vichwa wanavyo. Nikatuma pesa za bonasi ya chai. Mke wangu, Mama Chebet, alikuwa amezipangia paa la jikoni. Ameniambia hana neno, na tangu hapo kweli hajasema neno.

Jumatano. Kifurushi kilitarajiwa Kericho saa sita. Mvua ya Kericho, ambayo haina desturi ya kuchelewa, ilifika alasiri na mawe yake. Kifurushi hakikufika. Karani wa vifurushi alisema kiko njiani. Jioni ikabainika ni njia ya Narok, na kwamba kimeshushwa Bomet. Akanishauri nikifuate, kwa kuwa si mbali.

Alhamisi. Matatu hadi Sotik, Kaplong, hatimaye Bomet, nikiwa nimepakata kabeji za abiria mwingine. Karani wa Bomet alikuwa ameenda kula. Alikula kwa makini. Nilipofungua kifurushi, nilikuta vichwa vya Datsun 1200. Ile ya pikapu.

Ijumaa. Muuzaji wa Nairobi ameomba radhi na kuleta vingine, safari hii kwa njia ya Nakuru. Fundi alichomoa pini, akalegeza nati, akaugonga mkono wa gurudumu kwa nyundo mbili, moja kila upande, hadi kichwa kikaachia. Kichwa cha zamani hufunguliwa kwa kuhesabu mizunguko, ili kipya kiingie kwa mizunguko ileile na magurudumu yabaki sambamba. Fundi alihesabu kwa sauti. Akapigiwa simu kuhusu ng'ombe. Aliporudi aliniuliza tulikuwa tumefika ngapi.

Jioni gurudumu moja lilielekea Kericho, jingine Sotik. Litein iko katikati, kwa hiyo hatukwenda popote.

Jumamosi. Nimelipeleka Kericho polepole likapimwe kwa mashine. Mlimani tulipitwa na trekta iliyosheheni majani chai. Dereva wake alipunga mkono. Kwenye foleni ya kupimwa, umeme ulipotea, ukarudi, ukapotea tena. Kijana wa mashine alitafuta 240Z kwenye kompyuta yake. Haimo. "Mzee, tuweke vipimo vya Probox?" Nyuma yangu watu walikuwa wakipiga honi. Nikaridhia.

Sasa gari linanyooka, ila usukani bado una ulegevu kidogo. Kijana alichungulia, akasema raba inayounganisha shafti ya usukani imeoza. Barabara ya Kirinyaga wanayo ya pikapu tu. Msomaji mwenye raba ya 240Z, tafadhali nitafute Litein. Usiitume kwa kifurushi.