Muulize Shangazi wa Buguruni

*Shikamoo Shangazi. Niko mwaka wa pili, nasomea uhasibu. Wenzangu wanasema uhasibu umejaa, nihamie kompyuta. Mama anauza nyanya hapo sokoni na ndiye anayenipa nauli. Nifanyeje? — Mwana wa Nyanya*

Marahaba, mwanangu. Kila fani mjini hapa imejaa, isipokuwa ile ambayo msemaji hajaisoma. Hebu niambie: Jumanne saa nne asubuhi, mhasibu anakuwa anafanya nini? Hujui. Basi usihame bado.

Kesho mzigo ukishuka, mfuate mama sokoni. Mwangalie anavyopokea tenga. Nyanya za juu hazitazami, maana hizo zimepangwa ili zitazamwe. Anazamisha mkono mpaka chini, anaibuka na moja iliyolowa, anainusa, ndipo anaanza kupatana bei. Huo ni ukaguzi wa hesabu kamili, ila mama hana kiyoyozi.

Jioni muombe daftari la madeni. Utakuta "mama ntilie 12,000", "yule mrefu 4,000", na ukurasa wa nyuma zamu za mchezo. Linganisha na hela iliyomo kwenye pochi. Ikipungua 3,500 ukakosa usingizi mpaka uione ilikokwenda, wewe ni mhasibu, utake usitake. Ukipiga miayo ukurasa wa pili, njoo tuzungumze kompyuta. Na ukibaki, jua mapema: shahada peke yake haikupi CPA. Kuna mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu iliyoundwa kwa sheria ya 1972, na mle hakuna kazi za vikundi za kubebwa na wenzako.

*Shangazi, mjomba ndiye anayenilipia ada, na tangu kidato cha nne ananiita "wakili" mbele za watu. Sasa niko mwaka wa kwanza, sheria, lakini moyo wangu uko jikoni. Nataka kuwa mpishi wa hoteli. — Wakili wa Kubandikwa, Malapa*

Mjomba tusimlaumu sana. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam chenyewe kilianza 1961 na kitivo kimoja tu, cha sheria, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, hapo hapo jirani na Kariakoo. Wazee hilo liliwakaa. Tatizo ni kwamba anawajua mawakili wa kwenye taarifa ya habari, wanaoshuka garini na suti. Mpeleke Mahakama ya Kisutu siku moja, mkae benchi la wasikilizaji. Mtamwona wakili aliyeamka alfajiri akisubiri wee, kisha anaambiwa upelelezi haujakamilika, kesi imeahirishwa. Mjomba akitoka pale bado anakuita wakili, mkumbushe kwamba baada ya shahada kuna Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile mnayoiita Law School, nayo ina ada yake. Nasikia wajomba husikiliza vizuri habari za ada.

Na wewe usijipendelee. Jiko la hoteli si pilau la Idi ambalo shangazi zako wote walilisifia (sisi shangazi husifia chochote tusichokipika). Likizo hii omba kazi kwa mama ntilie yeyote pale Rozana. Hatakupa upawa. Atakupa gunia la vitunguu na sufuria zenye masizi. Siku ya nne ukijikuta umewahi kabla yake, basi zungumza na mjomba, na uende na sahani mkononi.

*Shangazi, boom limeingia. Nilipe kodi ya chumba au nianzishe biashara ya viatu vya mtumba? Nataka kujiajiri. — Bosi Mtarajiwa*

Kodi. Mwenye nyumba hasomi mchanganuo wa biashara. Na boom si zawadi, bosi, ni mkopo: ukija kuajiriwa, Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi, viatu viwe vimeuzika au vimekuozea kitandani. Kama biashara imo damuni, itajionyesha hata bila mtaji. Chukua pea tatu za mali kauli Kariakoo, simama nazo Buguruni Sheli jioni watu wakigombea daladala. Ukimrudishia mwenye mali hela yake kabla hajakupigia simu, niandikie tena. Mimi navaa namba 39.