Jinsi ya Kupima Umeme Bila Kutumia Pua

Kuna njia mbili za kujua kama waya wa nyumbani kwako umebebeshwa mzigo usiouweza. Ya kwanza ni kuunusa. Haihitaji shule, inafaa hata gizani, na jibu lake likija halibishaniwi, kwa kuwa hadi jirani wa tatu atakuwa amelisikia. Ubaya wake ni kwamba linakuja baada ya hasara. Njia ya pili ni kugawanya na kuzidisha, hesabu ya mtoto wa shule ya msingi, na hiyo ndiyo ninayotaka uijue leo kabla hujapiga pasi.

Volti ukizigawanya kwa ampea unapata omu, yaani ukinzani: jinsi kifaa kinavyoubania mkondo wa umeme. Volti ukizizidisha kwa ampea unapata wati, yaani nguvu. Kanuni ya ukinzani aliichapisha mwalimu wa Kijerumani, Georg Simon Ohm, mwaka 1827, na wewe unaweza kuihakikisha jikoni kwako.

Chomoa birika la umeme, mwaga maji, kisha ligeuze kitako juu. Utaona kibandiko. Mabirika mengi yameandikwa volti 220–240 na wati 1850–2200, na wengi wetu tukiona hivyo tunadhani mwenye kiwanda hakuwa na uhakika na bidhaa yake. Alikuwa nao sana. Chukua namba kubwa: wati 2200 gawanya kwa volti 240, unapata ampea 9.17. Sasa volti 240 gawanya kwa hizo ampea 9.17, jibu ni omu 26.2. Rudia kwa namba ndogo: 1850 kwa 220 ni ampea 8.41, na 220 kwa 8.41 ni omu 26.2 vilevile. Birika ni lilelile na waya wake wa ndani ni uleule; kinachobadilika ni umeme unaoletewa. Mimi sijaona mfano mzuri wa kanuni hii kuliko huo, na umebandikwa chini ya birika bure.

Ukishazijua omu zako, acha kulilaumu birika. Umeme ukishuka jioni mpaka volti 180, gawanya kwa 26.2 upate ampea 6.87, kisha zidisha kwa 180: wati 1237. Volti zimepungua robo tu kutoka 240, lakini nguvu imepungua karibu nusu, kwa sababu ampea nazo zimeshuka pamoja na volti. Chai inachelewa, na mtu anakwenda dukani kununua birika jipya ambalo nalo litachelewesha chai.

Sasa tuje kwenye ekstensheni, mnyonge wa nyumba zetu. Ina matundu manne, nasi tunayachukulia kuwa ni ahadi. Kwa volti 230, birika letu linavuta ampea 8.8. Pasi ya wati 1000 inavuta 4.3. Jiko la umeme la wati 1500 linavuta 6.5. Jumla ni 19.6, kwenye plagi yenye fyuzi ya ampea 13. Usitegemee kwamba fyuzi itakatika papo hapo. Ya ampea 13 inaweza kuvumilia karibu ampea 20 kwa muda mrefu, na muda huo wote waya unapata moto.

Moto kiasi gani? Hesabu ni zilezile. Waya mwembamba wa shaba wa milimita za mraba 0.75, wenye urefu wa mita 10, una ukinzani wa takriban nusu omu, kwenda na kurudi. Ampea 19.6 mara nusu omu ni volti 9.8 zinazopotelea njiani. Volti 9.8 mara ampea 19.6 ni wati 192, zote zikiishia kuwa joto ndani ya plastiki ya waya. Kama umeuviringisha vizuri ili chumba kipendeze, au umeupitisha chini ya zulia, joto hilo halina pa kutokea. Ndipo pua inapoanza kazi.

Mwenye mita ya kupimia omu, akitaka kuhakikisha hesabu hizi, apime birika lililochomolewa tu. Kupima omu kwenye kitu chenye umeme ni kuiua mita, na pengine kujiua. Ajue pia kwamba hesabu hii nyepesi ni ya vitu vya kupashia joto. Friji lina mota, na linapowaka huvuta, kwa kitambo kifupi, mkondo mkubwa kuliko wake wa kawaida. Na balbu ya kizamani ikiwa baridi itakuonyesha omu chache mno, kwa sababu ukinzani wa waya wake hupanda sana ukiwaka.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kuchomeka kifaa cha pili kwenye ekstensheni, soma wati zake, gawanya kwa 230, ujumlishe. Ukipita 13, au kiwango kidogo zaidi kilichoandikwa kwenye ekstensheni yenyewe, kimoja kisubiri. Birika na jiko vipe soketi ya ukutani, kila kimoja yake. Na fyuzi ikikatika, nunua fyuzi: karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara haikuandikwa ampea popote, na hakuna ajuaye itakatika lini.