Vikombe 12 vya Nani?

Hakuna zawadi inayochosha kama ile unayoambiwa uichague mwenyewe. Mpwa wangu aliyeko Liège, Ubelgiji, kijana mwenye adabu zake, amenitumia kwenye simu picha za mashine za kuchuja kahawa, moja baada ya nyingine, na chini yake ameandika: "Shikamoo Mjomba. Chagua kubwa, inayofaa nyumba nzima." Nyumba nzima! Aliondoka hapa Nyangwe tukiwa wachache kuliko tulivyo sasa, na hata siku hizo sufuria ya kahawa ilikuwa haimfikii wa mwisho.

Tangu picha hizo ziingie, hapa kwangu hakulaliki. Binti yangu mkubwa anataka ile yenye saa, unayoipangia usiku nayo ikajiwasha yenyewe alfajiri. Mdogo wake anataka yenye taa ya buluu. Ukimwuliza taa ya buluu inaongeza nini kwenye kahawa, anacheka. Yaya, kaka yangu, ambaye ana nyumba yake na mbabula yake lakini kahawa anainywa kwangu, ameng'ang'ania ile nyeusi ya mwisho, kwa kuwa inafanana na kitu cha ofisini kwa gavana kule Kindu. Mama watoto hakusema neno. Aliitazama simu, akalitazama rundo la vikombe vichafu, akarudi kupepea moto. Anayemjua anajua kuwa hapo ameshatoa hotuba.

Nimebaki mimi wa kusoma maandishi madogo, maana miwani ni yangu.

Nianze na hivyo vikombe. Kila picha inajisifu: vikombe 10, vikombe 12, vikombe 15. Ukisikia vikombe 15 unaiona harusi. Teremka chini kidogo usome lita: ya vikombe 12 inabeba lita moja na nusu ya maji, basi. Gawanya mwenyewe. Kikombe chao ni mililita 125. Wamarekani wana ukarimu kidogo, wao kikombe cha mashine wanakihesabu aunsi 5, kama mililita 150. Sasa njoo kwangu asubuhi. Hapa mtu mzima anakunywa kwa kopo la bati linaloingia nusu lita, na mandazi yanalowekwa humohumo. Kwa hiyo mashine ya vikombe 12 ni makopo matatu: langu, la Yaya, na la mama mkwe, ambaye hapitwi. Nyumba nzima imekwisha. Waliobaki wanuse.

Yaya akaleta hoja. Akasema tupime kwa vile vikombe vidogo visivyo na mkono, vya kahawa chungu, tulivyoachiwa na Wangwana waliotutangulia. Kweli, kwa vikombe hivyo lita moja na nusu inatoa zaidi ya 20. Ila nikamwuliza Yaya, wewe umewahi kunywa kimoja ukainuka? Akanyamaza, akanyoosha kikombe aongezwe.

Tuje kwenye umeme, ambapo mpwa wangu amesahau kabisa alikozaliwa. Mashine ya ukubwa huo inataka wati 900, hata 1,000. Umeme wa kwangu ni jua: paneli moja ya wati 100 juu ya bati na betri moja ya volti 12. Kazi yake ni taa, redio na kuchaji simu, pamoja na simu za majirani ambao wote wana "asilimia mbili tu, mzee". Ukitaka kuchota wati 1,000 kwenye betri ya volti 12, zinapita amperi zaidi ya 80. Kale kawaya kembamba kanakopita darini kataiva kabla ya kahawa. Na hapo bado sijakinunua kile kisanduku cha kugeuza umeme wa betri uwe wa volti 220, ambacho kwa nguvu hiyo kina bei ya kumtia mtu deni.

Nimepiga hesabu ili nisionekane mkaidi tu. Kuyapandisha maji ya lita moja na nusu kutoka nyuzi 25 mpaka 95 kunahitaji wati-saa kama 120. Paneli yangu, jua likiwa kali bila wingu, itahangaika zaidi ya saa nzima kwa kahawa ya watu watatu. Na jua hilo linakuja saa ngapi? Saa sita mchana. Kahawa inatakiwa saa ngapi? Alfajiri, baada ya swala, giza bado halijaondoka. Ile saa ya kujiwasha yenyewe anayoitaka binti yangu itajiwasha, itatazama huku na huku, itajizima.

Akatokea mtu wa kusema tuazime grupu la jirani. Nikauliza: grupu lingurume mtaani saa kumi na moja alfajiri, petroli iungue, ili nani asijue kwamba kwangu kuna kahawa?

Halafu karatasi. Mashine hizi zinachuja kwa kanuni rahisi: maji yanachemka ndani ya mrija, yanapanda yenyewe, yanadondokea unga uliolazwa kwenye karatasi, kahawa inashuka chini safi bila machicha. Aliyeleta mambo ya karatasi ni mama mmoja wa Dresden, Ujerumani, Melitta Bentz. Mwaka 1908 alichoka na machicha mdomoni, akachana karatasi ya kukaushia wino kwenye daftari la mwanawe, akailaza ndani ya kopo alilolitoboa chini, akamimina. Mwaka huohuo akapata hati ya uvumbuzi, na kampuni ya jina lake ipo mpaka leo. Mashine ya umeme ya kazi hiyo, Wigomat, ilikuja baadaye sana, mwaka 1954, Ujerumani hukohuko.

Nampa heko mama yule. Ila daftari la mwanawe lilikuwa na karatasi ya ziada. Hapa karatasi ya daftari inaandikiwa pande zote mbili, kisha inafungia karanga sokoni, kisha inawashia mbabula. Nikilichana la mtoto kwa ajili ya kahawa, mwalimu ataniita shuleni mbele ya watoto wenziwe. Na zile karatasi za dukani zenye umbo la koni, zikiisha nizifuate wapi? Nenda Kasongo: utapata chumvi, sabuni, vitenge, tairi za baiskeli na dawa ya mende. Ulizia karatasi za koni za kuchujia kahawa uone muuza duka atakavyokutazama, kisha atakavyomtazama mwenzake.

Jambo jingine ni ile sahani ya moto inayokaliwa na birika la kioo. Ulaya, tangu mwaka 2015, sheria inataka mashine mpya ya namna hiyo izime sahani yake ndani ya dakika 40 baada ya kahawa kushuka. Wanaokoa umeme, si vibaya, na kahawa inayokaa juu ya moto inazidi kuungua. Lakini dakika 40! Yaya kwa dakika 40 anakuwa amemaliza salamu: za nyumba, za watoto, za mashamba, za waliovuka mto, za aliyeumwa mwaka jana. Habari yenyewe iliyomleta haijaguswa. Wazungu wamekadiria kwamba kufikia hapo mgeni ameshaaga.

Kinachonikera zaidi ni kwamba kahawa hii ilitoka huku. Robusta, hii yenye ukali, iliyo na kafeini karibu mara mbili ya arabika, ilichukuliwa Lusambo, kwenye mto Sankuru, magharibi ya hapa petu. Kampuni moja ya miche ya Brussels ikaanza kuiuza kwa jina hilo mwaka 1900, ikafika Java, ambako kutu ya majani ilikuwa imemaliza mibuni ya zamani, na kutoka huko ikaenea duniani. Sasa imekwenda Ulaya, imesagwa, imetiwa kwenye pakiti yenye picha ya mlima, na mpwa wangu anataka kuniletea na pakiti mbili "za kuanzia". Za kuanzia! Mimi niliyezaliwa kwenye nyumba yenye mbuni nyuma ya jiko.

Tuseme nimekubali. Mashine itafikaje? Nyangwe ina historia yake na wasafiri wa Kizungu wanaongoja vyombo. Livingstone alifika hapa mwishoni mwa Machi 1871 akitaka mitumbwi ya kuteremkia mto Lualaba. Akangoja mpaka Julai, akaondoka bila mtumbwi. Cameron akaja Agosti 1874, naye akaomba mitumbwi, naye akakosa. Stanley, aliyefika Oktoba 1876, ndiye aliyepita, kwa kuwa alikuja na mashua yake mwenyewe, Lady Alice, imefunguliwa vipande na kupandishwa mabegani mwa wapagazi. Tangu hapo somo liko wazi: kinachofika Nyangwe hufika vipandevipande. Mashine ya mpwa wangu itashuka Lubumbashi na kungoja garimoshi la Kindu siku likitembea, au itashuka Bukavu na kungoja barabara ikauke. Ikifika Kasongo itafungwa nyuma ya pikipiki pamoja na gunia la mchele na kuku wawili walio hai. Birika la kioo litafika vipande kama Lady Alice, ila Lady Alice iliungika tena.

Nisionekane napinga maendeleo. Wewe msomaji wa Lubumbashi au wa Goma, wewe mwenye waya ukutani, nunua. Ila soma lita, achana na vikombe. Chukua yenye birika la chuma la kuhifadhi moto, si la kioo kwenye sahani. Tafuta yenye kichujio cha wavu kinachooshwa, usije ukawa mtumwa wa karatasi. Hakikisha maji yanafika nyuzi 92 hadi 96, maana ya bei ya chini hutoa uvuguvugu, na kwa kila lita tia unga gramu 55 hadi 60. Kisha funga mlango.

Nasema funga mlango kwa sababu ipo kanuni moja ambayo wenye viwanda hawaijui. Wao wanadhani unahesabu watu wa nyumbani, kisha unanunua chombo cha kuwatosha. Huku ni kinyume: chombo ndicho kinacholeta watu. Tulipokuwa na birika dogo, waliokuja jioni walikuwa jirani mmoja na Yaya. Mama watoto akanunua sufuria kubwa zaidi, wakaanza kuja jirani, Yaya, na rafiki wa Yaya. Mwezi wa Ramadhani tukaazima sufuria ya msikitini, na baada ya tarawehi msikiti wenyewe ukaifuata sufuria yake. Ongeza lita moja, utaongezewa viti vitatu. Sijawahi kuona kahawa ikibaki.

Na wala hawaitwi na mtu. Harufu ndiyo inayoita. Mama watoto anakaanga buni kwenye kikaango cha chuma, anazigeuza kwa kijiti bila kupumzika, zinaanza kuwa rangi ya udongo, kisha zinapasuka-pasuka na kutoa jasho la mafuta, anazimwaga kwenye ungo zipoe. Anatwanga kwenye kinu pamoja na tangawizi. Mchi ukigonga pigo la kwanza, mlango wa jirani unafunguka. Maji yakichemka anatia unga, anaacha upande mara moja, anaushusha kwa tone la maji baridi, anachuja kwa kitambaa, anajaza termosi mbili. Hakupima gramu, hakupima nyuzi. Kufikia hapo Yaya ameshakaa, na kopo lake ameshalipangusa.

Kwa hiyo nimemwandikia mpwa wangu jibu la kiume: Mwanangu, Mungu akuzidishie. Mashine iache hukohuko. Tuletee termosi mbili za chuma, za lita tatu kila moja, ambazo hata zikianguka kwenye pikipiki zitapata kibonyeo tu. Hela itakayobaki mtumie mama mkwe, atajua la kufanya. Mama watoto alipousoma ujumbe huo, mara ya kwanza tangu picha zije, akacheka.

Nilidhani kesi imefungwa. Kumbe kijana wangu wa taa ya buluu alishapita sokoni na simu mkononi akionyesha picha. Baada ya magharibi waliingia watu wa ng'ambo ya mto, wengine siwajui hata kwa sura, wamekuja kuona mashine. Nikawaambia haipo. Wakasema si neno, watangoja. Yaya akawakaribisha viti, akawatangazia kuwa ni ya vikombe 12. Nikawaona wanajihesabu. Mashine ingali dukani Liège, na tayari haitoshi.