Mhadhara wa Mshale

Wanasayansi wenzangu... samahani, nimesahau niko mnadani Katoro. Wateja wapendwa! Mama, usisimame mbele ya friji, unaizibia elimu.

Mbele yenu ni Profesa wa Plagi, Daktari Bingwa wa Majiko, mhitimu wa kupigwa shoti mara kumi na moja pale Kahama, mbili kati ya hizo nikizimia kwa heshima.

Watu wa Geita mnanishangaza. Punje ya dhahabu isiyofunika hata ukucha mnaipima kwenye mizani, mnaigeuza juani, mnagombana mpaka saa nne usiku. Friji ya mtumba yenye uzito wa ndama mnaiuliza swali moja: "Inagandisha?"

Kalamu chini, sikilizeni. Umeme wetu ni volti 230. Pindua hilo jiko la wali usome kibandiko. Limeandikwa 100? Hilo la Japani. Ulichomeke hapa, linavuta nguvu zaidi ya mara tano, wali unaungua hujamaliza kuchambua mchele.

Sasa waya. Kahawia una moto, bluu unarudisha, wa kijani na njano ni ethi. Waya wa moto ukichubuka ukagusa bati la friji, ethi inaubeba umeme chini, fyuzi inakatika. Bila ethi unapita kwako wewe, pekupeku kwenye maji ya vyombo. Nanyi mnaifanyeje? Fundi anaikata, anafunga plagi ya pini mbili, halafu nyumbani mnachokonoa tundu la juu la soketi kwa njiti ya kiberiti ili iingie! Fyuzi ya ampea 13 ikiungua, mnakunjia karatasi ya pakiti ya sigara. Na chuma cha ethi mmekizika kwenye udongo wa huku, ambao kiangazi ni mkavu kama ugoro, hata ndoo moja ya maji hamkimwagii.

Ndiyo maana nina mita hii. Ncha moja kwenye pini ndefu ya plagi, nyingine kwenye bati lililo wazi, lisilo na rangi. Chombo kisiwe kimechomekwa, tafadhali, sitaki shahada ya kumi na mbili. Mshale ukiruka mpaka sifuri, ethi ipo. Ukigoma, imekatika.

Friji ya baba huyu: umegoma. Birika la shangazi: umegoma. Oveni: kimya. Vibovu vyote! Ila kwa huruma yangu nitavinunua mwenyewe, bei ya skrepa.

Uliza, mama ntilie. Nigusanishe ncha mbili za mita zenyewe kwa zenyewe, tuone kama mshale utaruka? Nani kakufundisha? Mwanao yuko VETA... Aa. Anasema mita nayo ina betri.

Mama, mita haipimwi. Mita ndiyo inayopima.

Dogo, shusha hiyo friji kwenye toroli. Taratibu. Na oveni pia. Somo limeisha.