Wekundu wa Wazee wa Reli

Ukitaka kuwajua wastaafu wote wa reli wanaoishi Changamwe, usijisumbue kubisha milango. Weka kichwa cha treni mezani, fungua dirisha harufu ya thina itoke, kisha ungoje. Watakuja wenyewe mmoja mmoja, na bakora zao na kofia zao, kila mmoja akisema alikuwa anapita tu. Hakuna anayepita tu. Nyumba yetu iko mwisho wa kichochoro.

Kichwa chenyewe ni urithi. Marehemu mjomba, fundi wa karakana, alikitengeneza kwa mikono yake: mfano wa Garratt la daraja la 59, yale majitu yaliyokuwa yakivuta mizigo kutoka Mombasa kwenda Nairobi. Kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester kiliyaunda 34 tu, mwaka 1955 na 1956, na kila moja lilikuwa na urefu wa karibu mita 32 na uzito wa tani zipatazo 250. Mjomba angeweza kuunda kitu cha kutosha kiganjani. Hapana. Alichagua kipimo cha moja kwa 32. Piga hesabu mwenyewe: ni mita nzima ya treni juu ya meza yetu ya kulia. Sisi wenye nyumba tunakula mkekani, sahani mapajani, na mke wangu amekwisha kuniuliza mara nyingi kama treni hiyo ina ratiba ya kuondoka.

Kazi ya kukipaka rangi upya ilianza na kuibambua rangi kuukuu, na hapo ndipo nilipomjua mjomba vizuri zaidi kuliko nilivyomjua akiwa hai. Mjomba hakuwa mtu wa kutupa masazo. Kila nyumba ilipopakwa rangi, kilichobaki kwenye kopo kilimwendea Garratt. Nimeikuta kijani ya madirisha. Chini yake bluu ya geti. Chini ya bluu, rangi ya fedha ya tangi la maji, na chini ya hiyo ile nyekundu ya kupaka sakafu za saruji, ambayo nikitazama nyuma naona ndiyo iliyotutelezesha sote nyumbani mwaka mmoja. Dawa ya kutoa rangi ilikula glavu, ikala gazeti, ikaanza kuila meza. Rangi ya sakafu haikuigusa. Hiyo niliiondoa kwa msasa, nikipiga chafya nyekundu.

Mwisho nikafika kwenye bati, nalo likanisomea maelekezo ya kukoroga maziwa ya unga. Boila lote ni makopo ya maziwa yaliyolehemiwa mkia kwa mdomo. Ninaposema fundi, ninamaanisha fundi: boila la Garratt halisi lilikuwa na kipenyo cha zaidi ya mita mbili, likipita juu ya reli zilizoachana mita moja tu, na kopo la mjomba limekaa juu ya magurudumu yake kwa uwiano uleule, kama bibi harusi mnene juu ya kigoda.

Magurudumu sasa. Yapo 28. Kati ya hayo, 16 ndiyo yanayosukumwa na pistoni, manane mbele na manane nyuma, kwa sababu Garratt ni injini mbili zinazogawana boila moja. Boila linakaa katikati, kila injini inageuka kwa mhimili wake, na ndivyo dubwana la mita 32 lilivyoweza kujipinda kwenye kona za kupandia Mazeras bila kung'oa reli. Kwenye mfano wetu hakuna kilichogeuka. Rangi ya miaka yote hiyo ilikuwa imejaa kwenye mihimili ikaganda, na vyuma vya kuunganisha magurudumu vimeshikana na mabomba. Nilikwangua kwa kisu, kwa sindano, kwa vijiti vya meno. Mke wangu akaulizia vijiti vya meno. Nikanyamaza.

Hayo yote yalikuwa kazi, na kazi ina mwisho. Mashauri ya wazee hayana.

Wa kwanza kuja alikuwa dereva mstaafu. Akainama, akatazama bati tupu, akasema, "Mwanangu, hii ipake rangi ya damu ya mzee, iliyokolea, inayong'aa. Nilikuwa najiona usoni mwake." Nikaandika. Kesho yake akaja aliyekuwa fayamani. Akasoma nilichoandika, akacheka mpaka akakohoa. "Dereva alikuja asubuhi, injini imeshaoshwa, akapanda, akakaa. Mimi ndiye niliyekuwa nayo. Ilikuwa kahawia, kijana. Kahawia yenye mafuta." Wa tatu, fundi wa karakana aliyefanya kazi pamoja na mjomba, akasema wote wawili ni watu wa barabarani, hawajui kitu, rangi ilitoka kwenye bomba la kupulizia ikiwa inaelekea zambarau, na ni jua la Taru lililoiharibu baadaye.

Nikawaambia basi nitakwenda Nairobi, kwenye makumbusho ya reli, kuna Garratt namba 5918 limesimama pale, Mount Gelai, nikaitazame rangi yake tuyamalize. Kwa mara ya kwanza wakakubaliana. "Lile limestaafu," akasema dereva. "Sisi tunakwambia rangi ya injini iliyo kazini." Manahodha wengi chombo huenda mrama, na hapa walikuwa nahodha, baharia na seremala wa chombo kilekile.

Ubaya ni kwamba wote wanasema kweli. Fundi aliiona siku ilipotoka karakana. Dereva aliiona asubuhi. Fayamani aliiona inafika Voi saa za mchana, imeshiba moshi na vumbi. Sasa mimi na kopo langu moja nipake saa ngapi?

Nikaenda kwa muuza rangi za magari. Nikamwambia nataka maruni ya reli. Akaniuliza ni matatu ya njia gani.

Katikati ya yote hayo jirani mmoja, mwalimu, mtu mwema, akapendekeza tuweke vijipande vya makaa nyuma ili pawe na uhalisia. Fayamani akasimama. Sijawahi kumwona akisimama bila bakora. Magarratt ya daraja la 59 yalichoma mafuta mazito, akasema, tangi la nyuma lilikuwa la mafuta na maji, la mbele la maji. Kazi yake ilikuwa valvu, kioo cha maji na kuutazama moshi, na hajawahi kushika koleo la makaa tangu azaliwe. Mwalimu akaaga. Sasa salamu yake ni ya mbali.

Halafu likaja la jina. Magarratt haya yalipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, kutoka Mount Kenya hadi Ruwenzori, na kibao cha jina cha mfano wetu kilipotea zamani. Nilidhani hili ni dogo. Fundi ni Mpare, anataka Shengena, na anayo haki, maana Shengena lilikuwepo. Dereva anataka Kilimanjaro kwa sababu anasema aliliendesha. Fayamani anataka Elgon kwa sababu mkewe ametoka huko, na anasema tukiandika mlima mwingine hatapewa chai. Mkutano ukavunjika kama Jumuiya ya 1977, kila mmoja akaondoka na mlima wake.

Basi nimeamua. Injini ina upande wa dereva na upande wa fayamani, na kila mmoja alikaa kwake miaka yote ile. Upande wa dereva nimepaka maruni inayong'aa. Upande wa fayamani nimepaka maruni ileile, nikaipangusa kwa kitambaa chenye rangi nyeusi na thina mpaka ikawa kahawia yenye mafuta. Boila kwa juu, ambako hakuna aliyekaa, nimempa fundi zambarau yake. Wote wametazama. Wote wamesema upande wao umekaribia, bado kidogo.

Nafasi ya jina nimeiacha wazi. Anayetaka mlima wake aje na brashi yake, rangi yake na, mke wangu anaomba niongeze, meza yake.